Usaili wa Kinjeketile shuleni kwetu: nigombee Kitunda au Bibi Kitunda? Naomba mnisaidie kuwaelewa hawa watu

Binti wa Bweni

Shikamooni wakubwa wote humu, na wenzangu mambo vipi.

Niko kidato cha tatu, shule ya bweni, wasichana watupu. Tuko likizo ndiyo maana nimepata simu ya mama. Kwenye mahafali ya dada zetu wa kidato cha nne tutaigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Darasani tunasoma tamthiliya nyingine, hii walimu wetu wa historia na Kiswahili wameichagua kwa pamoja kwa sababu ya mada ya vita vya Majimaji vya kumpinga Mjerumani. Tukifungua tu kuna usaili. Kila mtu anachagua kipande kifupi cha mhusika mmoja anakihifadhi, halafu mwalimu anampa kipande kingine cha mhusika mwingine asome papo hapo bila kujiandaa.

Kitabu nimekisoma chote. Nimeandika sifa za wahusika kama tunavyofundishwa: Kinjeketile ni mzalendo na ana msimamo, Kitunda ni jasiri na mshauri mzuri, Bibi Kitunda ni mvumilivu na ana mapenzi ya mzazi. Lakini nikisimama chumbani nikasema maneno yao, najisikia kama nasoma taarifa ya habari. Maneno nayajua, watu wenyewe siwaoni.

Moyo wangu uko kwa Kitunda. Rafiki zangu wanasema nina sauti ya Bibi Kitunda na kwamba Kitunda atapewa mtu mrefu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: mtu anamwelewaje mhusika hadi asikike kama mtu? Na mwalimu kwenye usaili anaangalia nini hasa?

---

Baba Wawili

Hongera sana binti. Mimi enzi zangu nilikuwa askari kwenye mchezo huohuo, nikasimama na bunduki ya mti mwanzo hadi mwisho. Ushauri wangu ni mmoja: toa sauti. Anayesikika ndiye anayechukuliwa. Naacha wajuzi waendelee.

---

Pazia Jekundu

Marahaba mwanangu. Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na karibu kila mwaka nilikuwa na mchezo wa mahafali mkononi. Uzi huu umenigusa, nitaandika kwa urefu, univumilie.

Hizo sifa ulizoandika ziache kwenye daftari, ni za mtihani. Mtihani unakutaka uthibitishe kwamba Kitunda ni jasiri, nawe unathibitisha, unapata alama zako. Jukwaani hakuna kazi hiyo. Hakuna binadamu anayeamka asubuhi akashinda kutwa akiwa jasiri. Mtu huamka na jambo analolitaka, na hapohapo kuna mtu au kitu kinachomzuia. Ujasiri ni hukumu tunayoitoa sisi tuliokaa kwenye mabenchi baada ya kuona alichokifanya. Ukiingia kwenye usaili ukaigiza ujasiri, utatoa kifua nje, utakaza shingo, utakoroma kidogo. Waliokutangulia watakuwa wamefanya vivyo hivyo, na mwalimu atakuwa ameshachoka.

Chukua kila mstari uulize: anamwambia nani, na anataka huyo mtu afanye nini? Akubali, anyamaze, aondoke, asimwache peke yake, amhurumie? Andika jibu kwa penseli pembeni ya mstari, kwa kitenzi. Usiandike "kwa huzuni". Andika "anamzuia asitoke" au "anamlazimisha amtazame". Huzuni haiigiziki. Kumzuia mtu asitoke kunaigizika, na huzuni itakuja yenyewe ikitakiwa.

Sasa njoo kwa Kitunda. Mtazame katika sehemu tatu. Mwanzoni ni baba. Binti yake Chausiku anachukuliwa na mnyapara kupelekwa kwa Bwana Kinoo, na hao wanaume ambao mipango yao yote ni ya kumwondoa Mjerumani hawamwokoi. Katikati ni mtu aliyekabidhiwa watu awafundishe vita, na wale watu hawataki mafunzo tena kwa sababu wana maji, ile dawa wanayoamini inazuia risasi; wanataka kwenda leo. Mwishoni yuko kifungoni na Kinjeketile, watu wamekwisha kufa, na anataka rafiki yake aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Uniambie wewe: huyo anayemtaka mwenzake aseme hivyo ni jasiri au ni mwoga? Darasani tungebishana hadi kengele ilie. Jukwaani wewe hubishani, wewe ndiye Kitunda, na Kitunda anajua anachotaka. Anataka watu waache kufa? Anataka rafiki yake asinyongwe? Mimi kila nilipokirudia kitabu nimeona anataka vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana anasukuma kwa nguvu vile. Kitunda ni mtu anayehesabu: watu wangapi, wamefundishwa kiasi gani, adui ana nini. Ukimshika hapo kwenye kuhesabu utamwona anatembea.

Kinjeketile mwenyewe, endapo utapewa kipande chake papo hapo: tafadhali usitoe macho na usitetemeke mikono. Kila mwaka niliona Kinjeketile wa kutetemeka. Pepo linampanda kwa muda mfupi tu, na kazi ngumu ya mwigizaji inakuja baadaye. Mtu huyu ametoka mtoni na neno lililowakalisha pamoja watu ambao hawakuweza kukubaliana hata nani aongoze. Halafu ndani ya neno hilohilo akasikia jambo linalomtisha: kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani sultani wa Zanzibar. Yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine! Wenzake wameshika maji, hilo la pili halijawakaa. Yeye limemkaa. Kuanzia hapo kila neno analolisema anawaambia watu wanaomwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Ukisoma mistari yake ukiwa na hilo kichwani, sauti itashuka bila kulazimishwa na mwalimu atainua macho kwenye karatasi.

Kuhusu mwalimu anaangalia nini, nakujibu kwa niaba yangu. Nilikuwa natazama mtu anapokuwa hasemi. Mwenzake anaposoma, yeye anasikiliza au anangoja zamu? Wengi wanangoja zamu. Pili, nilikuwa nambadilishia. Amesoma vizuri kwa hasira, namwambia rudia, safari hii unamwogopa huyu unayemwambia. Anayerudia vilevile sikumchukua hata kama sauti yake ni ya dhahabu, maana mazoezi yote ni kubadilishiwa.

---

Mkereketwa

Samahani wakuu, nina neno tofauti. Mimi natokea Songea. Ukoo wetu una majina ya watu ambao makaburi yao hatuyajui hadi leo. Huyu Kinjeketile aliwaambia watu risasi zitageuka maji, wakaenda kifua wazi mbele ya bunduki za rashasha. Kila mwaka shule zinamwigiza kama shujaa, watoto wanapiga makofi. Mimi naona alidanganya watu, na aliyedanganya watu wakafa hastahili makofi. Binti, kabla hujamwelewa mhusika, jiulize kwanza kama anastahili kueleweka.

---

Mto Rufiji

Mkereketwa, uchungu wako nauheshimu. Naomba niweke mambo ya historia kidogo, yatamsaidia pia binti.

Kinjeketile wa kweli, Kinjeketile Ngwale, alikuwa Ngarambe, upande huu wetu wa Rufiji. Mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, watu wakaanza kumiminika kufuata dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Kilichowasukuma si dawa peke yake. Tangu 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa inalazimisha mashamba ya pamba kwa kila eneo la jumbe, watu wanaacha mashamba yao wanakwenda kulima pamba, malipo hakuna cha maana, na kodi inadaiwa palepale. Vita vilianza Julai 1905 Nandete, Umatumbi, kwa kung'oa miche ya pamba. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile akanyongwa Mohoro.

Tazameni hizo tarehe. Vita vimeanza Julai, yeye amekufa mwanzoni mwa Agosti. Shambulio la boma la Mahenge, ambako watu walikatwa na rashasha, lilikuwa tarehe 30 Agosti. Wale wa Songea walionyongwa siku moja, zaidi ya 60, ilikuwa tarehe 27 Februari 1906. Kinjeketile wa kweli hakuishi kuona hayo. Kinjeketile wa kwenye kitabu anaishi. Hussein amemweka hai hadi ajue kilichotokea, ajue waliokufa, kisha aulizwe: utasema maji yalikuwa uongo? Mwandishi mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba mtu wake wa jukwaani asichukuliwe kuwa nakala ya yule wa historia. Kwa hiyo swali lako, Mkereketwa, swali la kama alidanganya, mwandishi hakulikwepa. Amelifanya ndiyo tamthiliya yenyewe.

Na jambo la mwisho kwa binti. Wajerumani walikadiria waliokufa ni 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, kwa sababu jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Sasa rudi mwanzo wa mchezo uwasikilize Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wanavyozungumzia shida ya chakula. Watazamaji wanaojua historia wanajua njaa kubwa zaidi iko njiani. Hao wanawake hawajui, na wewe ukiwa jukwaani hupaswi kujua. Wao wana njaa ya siku hiyo.

---

Pazia Jekundu

Mto Rufiji asante sana, hilo la tarehe nilikuwa nalifundisha lakini sikuwahi kuliunganisha na ile sehemu ya kifungoni namna hiyo.

Mkereketwa, ndugu yangu, nakuambia kwa moyo mweupe: wewe ungekuja kwenye usaili wangu ningekupa Kitunda pale pale. Ulichokiandika hapo juu ndicho anachokisema Kitunda mwishoni. Anamtazama rafiki yake na kumwona mtu aliyeanzisha jambo lililoua watu. Binti, soma ujumbe wa Mkereketwa kwa sauti, polepole, uone mahali anapokata pumzi. Huyo anataka kitu. Hajali kama anasikika vizuri.

Na upande wa pili una uzito wake. Kinjeketile anakataa kusema maji ni uongo kwa sababu anaona mbali: akisema hivyo, watoto watakuja kuambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Maji yanaweza kuwa si kweli na sababu ya kupigana ikawa kweli. Ukimchagua Kitunda ni lazima umsikilize mwenzako anaposema hayo kana kwamba anaweza kukushinda. Kitunda akiwa na uhakika kamili kwamba ana haki, ile sehemu inakufa.

---

Mkereketwa

Nimekuelewa mwalimu. Sikuwahi kuiona hivyo. Msimamo wangu juu ya yule wa historia bado ninao, ila kitabu nitakitafuta nikisome upya.

---

Nakuru Jukwaani

Hamjambo majirani. Mimi ni Mkenya, na huku kwetu tamasha la drama la shule na vyuo ni jambo kubwa sana, lilianza 1959, na shule zinapanda kutoka mashinani hadi kitaifa. Nimekuwa kwa hizo safari nikiwa mwanafunzi, na sasa huwa nasaidia vijana. Nataka kuongea juu ya wale ambao hamjawataja.

Kwenye Kinjeketile kuna Mkichi, Mngindo, Mmatumbi. Wameitwa kwa makabila yao. Mwanafunzi akiona mhusika ameitwa hivyo anakimbilia lafudhi. Anatafuta kuchekesha. Huku kwetu hiyo imeharibu michezo mingi: hadhira inacheka, mwigizaji anaongeza, na mwisho hakuna anayekumbuka walikuwa wanabishania nini. Wale watu wanabishana juu ya nani ataongoza, na kila mmoja ana hofu ya kweli kwamba akiwa chini ya mwenzake, baada ya vita ataendelea kuwa chini. Mheshimu Mkichi. Akikataa, anakataa kwa sababu. Ukiigiza ugomvi huo kwa kicheko, Kinjeketile akitoka mtoni na ujumbe wa umoja hatakuwa na kitu cha kuunganisha.

Kwa hivyo dada mdogo, mwalimu akikupa papo hapo kipande cha Mngindo, usivunjike moyo eti umepewa kidogo. Mwelekezi mzuri huwa anajua kikosi chake kwa watu wa mistari mitano. Ingia ukiwa na sababu yako. Na usimwangalie mwelekezi! Chagua mahali juu ya kichwa chake, au mwenzako akisoma nawe, mwangalie yeye. Ukimkazia mwelekezi macho unamfanya awe Mjerumani wako na anashindwa kukutazama kama mwigizaji.

Kitu kingine. Kipande utakachohifadhi kiwe na mahali kinapogeuka. Kama mhusika anaanza na hasira na kumaliza na hasira, umechagua vibaya hata kama maneno ni matamu. Tafuta mahali anapogundua kitu, ama anabadilisha njia ya kuomba.

---

Sauti ya Bwalo

Salaam. Nilisoma sanaa za maonyesho Bagamoyo, pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, na kwa muda mrefu nimefanya kazi na vikundi vya shule. Naomba nimjibu Baba Wawili kwa heshima, kaka yangu: sauti kubwa na kusikika ni vitu viwili. Mabwalo yetu yana paa la bati na kuta tupu. Ukipiga kelele mle, sauti inagonga inarudi, maneno yanapandana. Benchi la nyuma wanasikia mvumo tu.

Tatizo la wanafunzi wengi ni mwanzo wa neno. Kwa Kiswahili ukanushaji unakaa mbele kabisa. "Hawatakuja" ukiimeza silabi ya kwanza, watu wanasikia "watakuja", na mchezo mzima umegeuka. Halafu mwisho wa sentensi pumzi imekwisha, neno la mwisho linaanguka miguuni. Chukua mstari wako mrefu, utafute pa kupumulia kabla hujaanza kuusema kwa hisia. Pumua chini, tumbo lijae, mabega yatulie. Kisha useme kwa sauti ya kawaida ukimlenga mtu aliye benchi la mwisho, mmoja tu, kama unayemwomba ndoo. Rafiki akae nyuma ya bwalo wakati hakuna watu, akuambie neno gani limepotea. Rudia hadi lisipotee. Hapo hata ukinong'ona utasikika.

Sasa la msichana kuigiza mwanaume, maana naona hakuna aliyeligusa na shule yenu ni ya wasichana. Usinenepeshe sauti. Sauti ya kulazimisha inachoka katikati ya mchezo na inakunyang'anya hisia zote, unabaki na mkoromo. Na masharubu ya makaa, mwambieni mwalimu kwa adabu kwamba hayahitajiki. Anza na mwili. Kitunda ni mkulima aliyetolewa kwenye shamba lake akalime pamba ya mtu. Mgongo wake umefanya kazi gani jana? Anakaaje chini mtu ambaye magoti yamechoka lakini hataki watu wajue? Anageuza kichwa haraka au polepole? Mimi huwa nawaambia wasichana wapunguze idadi ya mijongeo. Mwanafunzi anayeigiza mwanaume mzima kwa kawaida anatikisa mikono mno. Mtu aliyezoea kusikilizwa hana haja ya mikono.

Na kwenye mazoezi usivae sketi ya shule. Sketi ya shule inakufanya utembee kama mwanafunzi. Jifunge kaniki, au kanga kuukuu kama kaniki hamna, kiunoni, miguu peku ikiwezekana. Utaona hatua zinabadilika zenyewe.

Urefu usikutie wasiwasi. Nimeona Kitunda mfupi aliyewanyamazisha watu wazima.

---

Baba Wawili

Nimekubali kabisa Sauti ya Bwalo. Hilo la "hawatakuja" sitalisahau, na mwanangu wa kwanza anaingia kwaya mwaka huu, namsomea leo.

---

Binti wa Bweni

Shikamooni tena. Tulifungua, tukafanya usaili, sasa niko nyumbani mara moja kwa ruhusa ya hospitali, nimeomba simu niwape majibu kwa sababu mmenisaidia kuliko nilivyotegemea.

Nilichagua Kitunda, ile sehemu ya kifungoni. Niliandika vitenzi kwa penseli kama mwalimu Pazia Jekundu alivyosema. Kwenye mstari mmoja niliandika "anamwomba asife", na nilipoufikia koo ilibana kweli, sikuigiza. Mwalimu akaniambia rudia, safari hii askari yuko mlangoni anasikiliza. Nikarudia kwa chini kabisa nikikumbuka mwanzo wa maneno. Bwalo lilikuwa kimya. Halafu akanipa kipande cha Bibi Kitunda nisome papo hapo.

Majina yametoka: nimepewa Bibi Kitunda. Kitunda amepewa dada wa kidato cha nne, na ni kweli yuko vizuri sana, nilimsikia. Nilihuzunika siku ile lakini nimeamua kumpenda huyu mama. Shida yangu sasa ni ile sehemu Chausiku anapochukuliwa. Mwenzangu anayeigiza Bibi Kinjeketile anasema nilie kwa nguvu, watu watalia nami. Nikilia kwa nguvu naona naharibu, nisipolia naona kama sina uchungu. Nifanyeje?

---

Pazia Jekundu

Mwanangu, umefanya vizuri sana, na nakuambia kama mwalimu: aliyekupa mstari wa pili wa Bibi Kitunda baada ya kukusikia Kitunda alikuwa ameshakuona. Mchezo huo unaanza na wanawake wawili. Wasipoaminika wao, hakuna atakayewaamini wanaume wanaoingia baadaye.

Kuhusu kulia, uliza swali lako lilelile: Bibi Kitunda anamwambia nani, na anataka afanye nini? Mtoto anapoondolewa, huyu mama hana muda wa kulia. Kuna mnyapara mbele yake. Kuna wanaume. Kuna mume wake. Kila mmoja wao angeweza kufanya kitu. Kwa hiyo katika muda ule mfupi ana kazi nyingi: amwombe mnyapara, amtazame mtoto asiogope, amtazame mumewe. Gawanya. Mstari huu ni wa mnyapara, huu ni wa Chausiku, huu ni wa Kitunda, hata kama kwenye kitabu unaonekana ni wa hewani. Ukijua kila neno linakwenda kwa nani, huwezi kulia kwa nguvu, maana kilio kikubwa hakimwombi mtu yeyote.

Mkubaliane na huyo dada anayeigiza Kitunda jambo moja kabla ya mazoezi: ukimtazama, yeye anakutazama au anakwepa macho? Msiamue kwa maneno mengi, jaribuni yote mawili mbele ya mwalimu. Mimi ningependa akwepe. Ukishaliona jicho lake linakwepa, basi katika sehemu zote zitakazofuata, kila atakaposema juu ya vita, utakuwa unamsikiliza mtu ambaye hakumtetea binti yenu. Hilo halijaandikwa popote, na watazamaji hawataambiwa, lakini wataliona kwenye namna unavyompa maji ya kunywa au unavyopisha njia akipita.

Na yule anayeigiza Chausiku msimwache atetemeke kama kuku. Muulizeni naye anataka nini. Inawezekana anataka mama yake asipigwe.

Machozi yakija siku ya mahafali, yaache yaje, usiyafute kwa madaha. Yasipokuja, usiyatafute. Ukirudi kwa mama likizo ijayo tuandikie ule ukurasa mstari kwa mstari, na pembeni vitenzi ulivyoviweka, tuupitie hapa na Sauti ya Bwalo na huyu ndugu yetu wa Nakuru.

---

Sauti ya Bwalo

Nipo, nitausubiri. Binti, mazoezi ya pumzi usiyaache, na umfundishe Chausiku pia, kwa sababu yeye ana mistari michache na ndiyo inayopotea kwanza chini ya bati.